Baraza la Jamaa: Vijana na Mchezo wa Siri za Angani



Barua ya juma hili imetoka Katumba Songwe, wilaya ya Kyela, pale mto Songwe unapokaribia kuingia ziwani na ng'ambo ya maji ni Malawi. Mwandishi wake ni baba wa jamaa, na jina lake tunalificha. Kwa ufupi asema hivi. Vijana wake wawili na rafiki zao hukusanyika nyumbani kwake kila jioni mbele ya televisheni inayotumia umeme wa jua. Wanatazama mchezo wa Kiamerika uitwao The X-Files, ambao mmoja wao aliuleta kutoka Mbeya ndani ya fulashi. Mwaka jana waliumaliza wote, tangu sehemu ya kwanza hata ya mwisho. Mwaka huu wameuanza tena upya. Kijana aliyemaliza kidato cha nne ndiye anayewafasiria wenzake. Bibi yao asema ni mambo ya shetani, uzimwe. Baba mwenyewe hakuwa na neno, maana aliona ni heri vijana wakae nyumbani kuliko kilabuni.

Lakini sasa limetokea jambo. Mwanawe mkubwa ana mke na mtoto wa miezi miwili. Siku ya kliniki ilipofika, kijana alimkataza mkewe kwenda. Alisema kwamba ndani ya chanjo wakubwa wa dunia wametia alama za siri za kuwatambua watu, na kwamba habari hizo amezitazama mara mbili kwa macho yake. Mama mtoto akalia, bibi akasema, "Niliwaambia mimi," na tangu siku hiyo nyumba haina amani. Baba auliza maswali matatu. Je, nivunje fulashi? Je, kutazama mchezo huu ni dhambi? Na mtoto je?

Ndugu yetu, la mtoto tulijibu kwanza, maana haliwezi kungoja. Mtoto na apelekwe kliniki juma hili hili. Wiki ya 6 imekwisha kupita. Wauguzi watamwanzishia pale alipoachia, wala hawatamfukuza mama kwa kuchelewa. Sababu zake tutazieleza chini, ili mwanao asione ameshindwa kwa nguvu tu, bali akubali kwa akili.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza wazazi wajue ni kitu gani wanachotazama watoto wao. Mara nyingi sisi wazazi hulaumu jambo tusilolijua, na vijana wakigundua hatulijui hawatusikilizi tena.

Mchezo huu ulitungwa na Mmarekani Chris Carter, ukaanza kuonyeshwa kwao tarehe 10 Septemba 1993. Uliendelea miaka 9 mfululizo hata Mei 2002. Sinema mbili zilitengenezwa kutokana nao, mwaka 1998 na 2008. Kisha ukarudi tena mwaka 2016, na mara ya mwisho mwaka 2018. Kwa jumla una sehemu 218. Basi si ajabu kama vijana wa Katumba Songwe waliumaliza kwa mwaka mzima.

Habari yake ni ya wapelelezi wawili wa serikali, mwanamume na mwanamke. Mwanamume aitwa Fox Mulder. Alipokuwa mtoto, dada yake mdogo alitoweka nyumbani usiku, naye hakupata raha tena maishani. Anaamini dada yake alichukuliwa na viumbe waliotoka angani kwa sahani zirukazo, na kwamba wakubwa wa serikali wanajua lakini wanaficha. Ukutani ofisini mwake amebandika picha ya sahani hiyo yenye maneno ya kusema kwamba anataka kuamini. Mwanamke aitwa Dana Scully. Yeye ni daktari, na amewekwa pamoja na Mulder ili ampinge kwa elimu. Kila Mulder asemapo, "Ni jini," au "Ni mtu wa nyota nyingine," Scully huuliza, "Ushahidi uko wapi?"

Na jambo ambalo huenda bibi hajaambiwa ni hili: huyu Dana Scully katika mchezo ni Mkatoliki. Shingoni huvaa msalaba mdogo wa dhahabu aliopewa na mama yake. Kuna sehemu anapopatwa na saratani, akamkasirikia padre anayemtembelea, na baadaye akarudi kusali. Mtunzi hakumfanya mjinga kwa sababu ya imani yake. Yeye ndiye mwenye elimu kubwa kuliko wote waliomo, na yeye ndiye mwenye msalaba.

Msifikiri tunasema mchezo wote ni mzuri kwa watu wote. Una maiti nyingi, damu nyingi na vitisho vingi. Mtoto wa miaka saba hana haja ya kuutazama, wala mwanamke mjamzito asiyeweza kulala kwa hofu. Lakini mtu mzima anayejua kwamba hadithi ni hadithi hatendi dhambi akiutazama, kama vile wazee wetu hawakutenda dhambi walipotusimulia jioni habari za zimwi. Dhambi ingekuwa kuacha kazi, kuacha sala, au kumdhuru mtu kwa sababu ya hadithi. Na hapo ndipo tunapoanza kuogopa.

FAIDA YA KUTAZAMA MARA YA PILI

Wengine wamecheka waliposikia vijana wameuanza mchezo upya. Sisi hatucheki. Mtu asomaye kitabu mara ya pili huona mengi aliyoyapita mara ya kwanza, maana sasa hana haraka ya kujua mwisho. Nasi tungependa vijana hawa watazame mara ya pili kweli kweli, kwa macho ya fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

Watazame misitu ile yenye ukungu. Mchezo wasema mambo yanatokea huku na huku katika Marekani, lakini miaka 5 ya kwanza ilitengenezwa karibu yote Vancouver, nchi ya Canada. Watazame lile dubwana jeupe mfano wa mnyoo linaloishi katika mitaro ya maji machafu, katika sehemu ya mwaka 1994. Ndani yake alikuwamo mtu, Darin Morgan, aliyevikwa vazi la mpira kwa saa nyingi. Baadaye mtu huyo huyo akawa mmoja wa waandishi bora wa mchezo. Basi dubwana lililowatisha watu lilikuwa mtungaji wa hadithi aliyekuwa akitoka jasho.

Tena wahesabu ni mara ngapi wameahidiwa kuambiwa siri yote, na ni mara ngapi wameambiwa. Kila mlango ukifunguliwa, nyuma yake kuna mlango mwingine. Kuna mzee mvuta sigara ajuaye kila kitu. Akishikwa, kumbe yuko mwingine juu yake. Miaka ilipozidi, hata wapenzi wakubwa wa mchezo huko kwao walinung'unika kwamba siri ile kuu imekuwa uzi uliotatika, haina kichwa wala mkia.

Kwa nini? Jawabu ni la biashara. Mchezo wa televisheni huishi kwa matangazo, na matangazo hulipwa kama watazamaji watarudi juma lijalo. Siri ikifumbuliwa, watu watalala mapema. Kwa hiyo siri ya kuuzwa haina budi kubaki siri. Mtungaji mwenyewe hakuanza akijua mwisho utakuwaje miaka 25 baadaye, aliendelea kuongeza.

Linganisheni na hadithi za Bwana Msa, alizoandika Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka mwaka 1960. Mtu ameuawa, na watu wote wasema ni mzimu. Bwana Msa avuta kiko chake, auliza maswali, apima maneno, na kabla ya kitabu kwisha tunajua nani aliyeua na kwa nini. Mzimu haukuhusika, alihusika mwanadamu mwenye tamaa. Hiyo ni siri yenye mwisho. Vijana wetu wakiisoma baada ya mchezo ule wataona tofauti mara moja.

Sasa, ndugu zangu, uvumi wa kijijini unafanana na hadithi gani kati ya hizi mbili? Unafanana na ile isiyokwisha. Ukimwuliza mleta uvumi, "Nani amekuambia?" atasema, "Watu." Ukimwuliza, "Ushahidi uko wapi?" atasema, "Wameuficha." Na ukimwonyesha kwamba hakuna kilichofichwa, atasema, "Unaona jinsi walivyoficha vizuri?" Mtu wa namna hiyo hashindwi kamwe, lakini pia hafiki popote.

SIRI ZA KWETU NYASA

Watu wa Kyela hawana haja ya kwenda Marekani kutafuta maajabu. Ninyi mnaokaa ufukoni mwajua moshi unaoinuka katikati ya ziwa, nguzo ndefu nyeusi zikienda na upepo, na hapana moto chini yake. David Livingstone alipopita katika ziwa hili mwaka 1861 aliyaona mawingu hayo, akayafananisha na moshi, na wenyeji wakamwonjesha mkate uliotengenezwa kwayo. Mgeni asiyejua angeweza kutunga mchezo wa sehemu 218 juu ya nguzo hizo. Na kweli katika The X-Files iko sehemu ya mwaka 1994 ambayo wingu la wadudu wadogo linawaua wakata miti msituni!

Lakini watoto wa pwani ya Nyasa wanajua siri hiyo tangu wakiwa wadogo, tena wanaila. Ni kungu. Mayai ya mdudu huyu hutagwa majini. Funza wake huishi ziwani, mchana akishuka chini kwenye giza na usiku akipanda juu kula. Kisha wote huota mabawa na kuinuka pamoja kwa mamilioni, dume na jike, wakutane kabla ya kufa. Maisha yao hewani ni mafupi sana. Wadudu wa ukoo huo waliochunguzwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950 walionekana kutoka kwa kufuata mwezi, hasa karibu na mwezi mwandamo. Basi mama anayekwenda na ungo wake kuwakusanya, akawafinyanga na kuwachoma, amekwisha fumbua fumbo ambalo lingewatisha wapelelezi wa Marekani. Na baada ya kujua, je, uzuri wake umepungua? La hasha. Umezidi.

Na kama vijana wanataka kitu kilichotoka angani kweli, wapande gari mpaka Mbeya, kisha washike njia ya Tunduma. Huko wilaya ya Mbozi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kimelala Kimondo cha Mbozi. Ni bonge la chuma lenye urefu wa kama mita 3, nalo lakadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 mpaka 16. Wenyeji walikijua tangu zamani. Wazungu walipata habari zake mwaka 1930, pale mpimaji wa ardhi W. H. Nott alipokiona, sehemu kubwa ikiwa bado imefukiwa udongoni. Walichimba pande zote, wakakiachia nguzo chini yake, na nguzo hiyo ikajengewa kwa saruji. Kipande kilikatwa kwa msumeno kikapimwa: karibu sehemu 90 katika 100 ni chuma, na 8 hivi ni nikeli. Kilianguka zamani sana hata shimo lake halionekani tena.

Angalieni jambo moja. Hicho kimetoka mbinguni juu, kwenye giza lisilo na mwisho, na hakuna mtu aliyekificha. Hakuna mzee mvuta sigara anayelinda mlango. Hulipa kiingilio, ukagusa kwa mkono wako. Kweli huwa na tabia hiyo: huvumilia kuguswa.

Tena msiogope kwamba elimu ya nyota ni adui wa dini. Padre Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyefundisha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akatoa fikira kwamba wote ulianza katika kitu kimoja kidogo mno. Vatikano ina nyumba yake ya kuchungulia nyota, iliyowekwa upya na Papa Leo XIII mwaka 1891. Mwaka 2008 Padre José Gabriel Funes, Mjesuiti aliyekuwa mkuu wa nyumba hiyo, aliulizwa na gazeti la Vatikano juu ya viumbe wa nyota nyingine. Akajibu kwamba si kinyume cha imani kufikiri kuwa huenda wapo, maana hatuwezi kumwekea Mungu mpaka wa kuumba. Lakini kufikiri huenda wapo ni jambo moja, na kusema walikuja jana wakamchukua ng'ombe wa jirani ni jambo jingine.

HABARI YA CHANJO

Sasa tumrudie mtoto. Kijana hakubuni maneno yake. Kweli yamo katika mchezo. Katika sehemu za mwaka 1995 na 1996 wasimulia kwamba kovu la chanjo ya ndui lilikuwa alama ya siri ya kuwatambua watu wote. Ndiyo hadithi. Haya, tutazame mambo yenyewe yalivyokuwa.

Wazee wengi wa Kyela wana kovu hilo mkononi. Wakae na wajukuu wao wawaambie ndui ilikuwa nini: upele wa usaha mwili mzima, na aliyepona alibaki na makovu usoni, au kipofu. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa ndugu yetu wa Afrika Mashariki, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Na msikilize vizuri: alifanya kazi hospitalini, lakini chanjo aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani kote. Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea kuzunguka nchini kwake akiwasihi wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwapa habari yake mwenyewe. Alifariki Julai 2013 akiwa katika kazi hiyo. Mtu huyo hakuwa chombo cha wakubwa. Alikuwa mpishi aliyejuta.

Ndiyo maana vijana wetu wa leo hawana kovu la ndui: ugonjwa umekwisha, na chanjo yake ikaachwa. Kama lingekuwa alama ya kuwahesabu watu, kwa nini waache kuitia?

Na polio? Mwaka 1988 ilikadiriwa kwamba watu 350,000 walipooza duniani kwa mwaka mmoja. Mwaka 2021 waliopooza kwa kirusi cha asili walikuwa 6 tu duniani kote. Lakini mmoja wa hao 6 alikuwa mtoto wa kike huko Lilongwe, Malawi, na habari yake ilitangazwa Februari 2022. Kirusi hicho kilifanana na kile cha Pakistani. Kutoka Pakistani mpaka Malawi! Na kutoka Malawi mpaka Katumba Songwe ni kuvuka mto tu. Songwe wenyewe mwajua hautulii, mafuriko yakija huhama njia yake, na watu huvuka kila siku kwenda sokoni na kwenye misiba. Ugonjwa hauulizi hati ya kusafiria. Kwa sababu hiyo Machi 2022 watoto wa chini ya miaka 5 walipewa matone katika mikoa yetu 4 ya mpakani, yaani Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Baadaye Msumbiji nako watoto kadhaa walipatikana na ugonjwa. Mei 2024 mlipuko huo ulitangazwa umekwisha. Haukwisha wenyewe. Uliisha kwa sababu akina mama waliwabeba watoto wao mgongoni wakawapeleka.

Ukumbuke, kijana wetu: mtoto wako hupewa matone ya polio pamoja na chanjo nyingine katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Hayati Papa Fransisko, aliposema na watu mwaka 2021 wakati wa ugonjwa wa korona, aliita kuchanjwa kuwa tendo la upendo. Maana humlindi mwanao peke yake, wamlinda na mtoto wa jirani aliye dhaifu.

JE, WAKUBWA HAWASEMI UONGO?

Hapa kijana atajibu, "Lakini serikali nyingine zimewahi kudanganya watu." Tusimfiche, ni kweli. Huko Tuskegee, jimbo la Alabama, kuanzia mwaka 1932 idara ya afya ya Marekani iliwachunguza wanaume weusi wapatao 600, maskini wa mashambani. Watu 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ugonjwa wao, na hata penisilini ilipopatikana hawakupewa, ili waonekane watakavyoendelea mpaka kufa. Jambo hilo lilidumu miaka 40. Rais Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa lake mwaka 1997.

Basi uovu wa siri upo. Lakini ulijulikanaje? Mfanyakazi wa idara ile ile, Peter Buxtun, dhamiri ilimsumbua. Aliandika barua kwa wakubwa wake, hawakusikia. Akampa habari mwandishi wa habari, na Julai 1972 ikatangazwa. Kulikuwa na majina, tarehe, karatasi, na watu hai waliosimama wakasema, "Ni mimi niliyetendewa." Tena tazameni dhambi yenyewe ilikuwa nini: kuwanyima watu dawa. Mtu anayejifunza habari ya Tuskegee kisha akamnyima mtoto wake dawa amelisoma somo kichwa chini.

Methali yasema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa heshima ya wahenga, tusiitumie vibaya. Katika vijiji vyetu vikongwe wameuawa kwa sababu ya lisemwalo, na wakati wa kuzika ndipo watu hutambua kwamba halikuwapo. Bibi huyo huyo anayeogopa televisheni ana haki ya kuogopa zaidi siku vijana watakapozoea kuamini neno bila ushahidi. Leo ni chanjo, kesho ni macho mekundu ya mwanamke mzee anayeishi peke yake.

Kanisa halitufundishi kuamini kila kitu. Mtume Tomaso alitaka kuona alama za misumari, na Bwana hakumfukuza, alimwonyesha. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuchunguza Maandiko kila siku ili wahakikishe waliyoambiwa na Mtume Paulo. Na tunapotaja fumbo la imani katika Misa, hatusemi juu ya siri iliyofichwa na wakubwa wachache. Fumbo letu limetangazwa hadharani kwa mataifa yote, maskini na tajiri. Ni kubwa tu kupita akili yetu, kama ziwa lilivyo kubwa kupita kata ya mchota maji.

SHAURI LETU

Kwanza, baba asivunje fulashi. Akiivunja, vijana watasema, "Ameogopa ukweli," na watatazama kwa jirani. Akae nao jioni moja, atazame, aulize maswali. Mtoto huheshimu swali la baba kuliko fimbo yake.

Pili, watoto wadogo walazwe kabla mchezo haujaanza, na sala ya jioni ya jamaa isalishwe kwanza, si baadaye watu wakiwa wamesinzia.

Tatu, vijana wapewe kazi. Kila sehemu ikiisha, mfasiri wao awaulize: Nani amesema? Ameona nini kwa macho yake? Na mtu mwingine aweza kwenda kuhakikisha? Wafanye hivyo katika mchezo, kisha wayapeleke maswali hayo matatu sokoni, na kilabuni, na penye uvumi wowote.

Nne, mabinti wa nyumba hiyo waitwe nao watazame. Mwaka 2018 wanawake wa Marekani wanaomjua Dana Scully waliulizwa, na kati ya wale wanaofanya kazi za sayansi, ufundi na hesabu, karibu theluthi mbili walisema aliwapa mfano wa kufuata. Ikiwa mwanamke wa hadithi, mwenye msalaba shingoni na vitabu mkononi, amewasaidia wenzao hivyo, huenda na huko Katumba Songwe yuko binti anayengoja kuona kwamba jambo hilo lawezekana.

Tano, na hili twamwambia kijana mwenyewe. Ndugu yetu, huyo Mulder unayempenda alimtafuta dada yake miaka mingi kwa sababu alipokuwa mtoto hakuweza kumlinda. Hilo ndilo jema lililo ndani yake. Wewe una mtoto, naye yupo, hajatoweka. Mbebe wewe mwenyewe, ufuatane na mama yake mpaka kliniki. Muulize muuguzi maswali yako yote bila haya: ni chanjo gani hii, yazuia nini, mtoto ataonaje usiku? Huenda atapata homa kidogo, na mguu utavimba siku moja au mbili. Muulize pia akuandikie tarehe ya kurudi katika kadi. Hiyo kadi ndiyo faili ya kutunza, nayo haina siri yoyote.

Wasomaji wengine wenye mashaka ya namna hii nyumbani kwao na watuandikie. Majina tutayaficha.

Mungu awabariki.